Jina la Mama Kwenye Spika

Mie ndiye Mashaka Spika. Kama unaishi Temeke, huku kwetu Mtaa wa Njiwa, sauti yangu unaijua hata kama sura huijui. Kipindupindu kikiingia, nawatangazia mchemshe maji. Mtoto akipotea, natangaza kavaa kaptula ya rangi gani. Iwe msiba, iwe chanjo, iwe mkutano wa mtaa, mie huyo, nimeketi nyuma ya bajaji ya Khalfani, spika juu, maiki mdomoni. Na nilikuwaga najisikia, nisikufiche. Watoto wakikimbia nyuma ya bajaji wakiniita, na mie navimba kichwa, nazidisha madoido.

Siku hizi nikiishika ile maiki kiganja kinalowa jasho. Nitakwambia kwa nini, ila usinikatize. Ukinikatiza nitapata pa kuchomokea, maana ndiyo tabia yangu.

Vitambulisho vilishushwa ofisi ya mtaa maboksi kwa maboksi, vikakaa. Wenyewe hawaji. Wengine walijiandikisha zamani hadi wakasahau. Mtendaji wetu, Bi Gladness, akaniambia nizunguke nitaje majina. Nikazunguka. Kumbe mtaa huu majina ni yale yale! Nikamtaja Mbwana Kondo, wakaja akina Mbwana Kondo kundi zima, wakashikana mashati pale mlangoni, kila mmoja anadai kitambulisho ni chake. Bi Gladness akanigeuzia kibao mie. "Mashaka, wewe unatangaza nusunusu ndiyo maana watu wanagombana." Akaingia kwenye kompyuta, akachapa upya, safari hii na kila kitu cha mtu: kazaliwa lini, simu yake, nyumba anayokaa, baba yake nani, mama yake nani. Akanikabidhi. "Soma yote, watu wajijue."

Siku hiyo alivaa fulana nyeupe waliyogawiwa semina. Mgongoni imeandikwa kwa herufi kubwa: LINDA TAARIFA ZA MWANANCHI. Wallahi sikutungii. Nimezisoma zile herufi kwa macho yangu alipogeuka kuzima mashine, halafu nikachukua karatasi zangu nikaenda kupanda bajaji.

Asubuhi nzima ilikwenda vizuri. Watu walitoka milangoni kunisikiliza kuliko siku zote, maana umbea umeletwa na serikali yenyewe! Wakajua fulani kumbe ana umri huu na anajifanya kijana, fulani namba yake ya simu ndiyo hii, si ile anayowapa wanaomdai. Kicheko barabara nzima. Na mie nikanogewa. Nikawa navuta maneno, natulia kidogo kabla ya kutaja, kama mchekeshaji jukwaani.

Tukafika kona ya Bi Mwanakombo. Huyu mama anauza vitumbua barazani kwake, na hapo pana watu toka alfajiri. Lakini kwangu si muuza vitumbua. Mama yangu alipofariki, Bi Mwanakombo ndiye aliyeingia kumwosha, akatoka na macho mekundu, akanishika kichwa, akasema, "Usilie peke yako, mwanangu." Toka siku ile hakuwahi kuniita jina tupu. Mwanangu Mashaka, njoo unywe chai. Mwanangu Mashaka, spika yako inapiga kelele, punguza. Ana binti mmoja tu, Shamimu, anasuka nywele hapo hapo barazani. Mumewe Mbwana alishatangulia mbele ya haki.

Sasa Shamimu Mbwana Kondo mtaani kwetu wako wawili. Nikatangaza, "Shamimu Mbwana Kondo! Wa kwanza, mama yake Nusaiba, nyumba ya karibu na msikiti, kitambulisho chako kipo!" Nikatulia, ndiyo madoido yangu. "Shamimu Mbwana Kondo wa pili, nyumba ya Bi Mwanakombo muuza vitumbua! Baba, Mbwana Kondo. Mama... Editha Augustine!"

Wengine walicheka, wakidhani nimekosea. Halafu nikawaona wazee waliokaa kwenye benchi wanatazamana. Mmoja akasema, tena si kwa sauti ndogo, "Editha? Si yule binti wa kazi wa Masasi?"

Bi Mwanakombo alikuwa ameshika kijiti anageuza vitumbua. Hakugeuza. Vikaungua pale pale mbele yake, moshi ukapanda. Shamimu alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, kitana mkononi. Akamwangalia mama yake, akasubiri acheke, aseme huyu Mashaka chizi. Bi Mwanakombo akainamia karai. Basi Shamimu akakiweka kile kitana chini taratibu, akaingia ndani.

"Twende," nikamwambia Khalfani.

"Braza, umefanya nini?"

"Nimesoma kama ilivyoandikwa. Twende!"

Nikasema hivyo kwa Khalfani, nikasema hivyo kwa mke wangu, nikasema hivyo kwa kila aliyeniuliza. Nimesoma kama ilivyoandikwa. Jioni mtaa mzima ulishajua kwamba Shamimu ni mtoto wa binti wa kazi, kwamba marehemu Mbwana alikuwa hivi na vile, kwamba Bi Mwanakombo hakuwahi kuzaa. Wanawake waliokula vitumbua vyake miaka yote wakawa wanahesabu kama waliwahi kumwona na mimba. Kabla jua halijazama Shamimu akapita na begi, mtandio kaushusha usoni, hakumsalimia mtu.

Kesho yake nikaenda ofisini nimewaka. Hasira ilinisaidia, maana bila hasira ningekaa chini nikalia. "Bi Gladness, ile karatasi mngeniambia nisome majina tu! Jina la mama wa mtu linakuja kwenye spika kufanya nini?"

Akanitazama kama namletea kero. "Kwani spika ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Ulisema soma yote!"

"Nilisema soma yote yanayohitajika. Wewe mtu mzima, huna akili ya kuchuja?" Akashusha sauti. "Sikiliza, mzee. Hizo taarifa hatukuzichukua sisi. Walizichukua wenzetu wa usajili, sie tumeletewa. Mwenye malalamiko aandike barua wilayani."

"Basi nizunguke tena niseme jina lilikosewa. Niseme ni kosa la mashine."

"Thubutu! Ukisema kosa, watauliza kosa la nani. Unataka nipoteze kazi? Siku hizi kuna sheria ya haya mambo, watu wanatozwa faini." Hapo ndipo nilipojua kwamba sheria anaijua vizuri tu, na semina alisikiliza.

Niliondoka bila kuaga. Lakini njiani lile swali lake likawa linanirudia. Spika ilikuwa mkononi mwa nani. Nikajaribu kumtukana moyoni, matusi yakagoma kuja.

Bi Mwanakombo aliniita yeye mwenyewe. Alimtuma Khalfani. Nilidhani nakwenda kupigwa kwa mwiko, na wallahi ningependa anipige. Nikamkuta amekaa mkekani, jiko baridi, karai limefunikwa.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akaongea akiangalia ukuta. Akasema Editha alikuwa binti mdogo tu, mpole, na kwamba Mbwana alimfanyia yale wakati yeye Bi Mwanakombo yuko hospitali anamwuguza dada yake. Mtoto alipozaliwa Editha alikaa arobaini ikaisha, akamwambia, mama, mie siwezi kurudi naye kwetu, mchukue. Akamchukua. "Mume wangu nilimsamehe au sikumsamehe, hilo langu na Mungu. Lakini yule mtoto nilimbeba mie mgongoni. Homa zake nimekesha nazo mie."

"Najua, Bi Mwanakombo."

"Hujui. Siku tulipokwenda kujiandikisha, wakataka cheti cha kuzaliwa. Mtoto nilishamdanganya kwamba kiliungua. Nikamvuta yule afisa pembeni, nikakitoa kwenye kanga, nikamwambia ukweli wote, maana niliogopa kuidanganya serikali. Akaniambia, mama, usiwe na wasiwasi, likishaingia humu halitoki. Shoga zangu sijawaambia. Dada yangu wa tumbo moja kafa hajui. Nimeiambia serikali peke yake."

Nikainamisha kichwa. Nikasema lile neno langu, nimesoma kama ilivyoandikwa, lakini safari hii lilitoka limekauka, hata mie nikalionea haya. Akaniuliza kama nimemwona Shamimu. Anampigia, simu haipatikani. Kaenda kumtafuta kwa shangazi yake, hayupo. "Najiandaa kumwambia mwenyewe kila mwaka," akasema. "Nasema akimaliza shule. Nasema akipata kazi. Sasa sijui hata amelala wapi."

Zikapita siku. Bi Mwanakombo hakupika vitumbua, na kona yake ikapooza. Mie matangazo nikawa nasoma kwa sauti ya mgonjwa, hadi watu wakauliza kama nina mafua. Majina ya vitambulisho niligoma. Nilimwambia Bi Gladness, bandika majina matupu ukutani, anayetaka aje. Akasema nimekuwa mjuaji.

Halafu siku moja naingia ofisini kuchukua tangazo la usafi, nakuta watu wamejaa kwenye viti wanasubiri barua zao za utambulisho, na Bi Gladness ananiita toka mezani kwake kwa sauti yake ya juu. "Mashaka! Yule mtoto wako wa spika kapiga simu, Shamimu. Anataka kitambulisho. Kahamia Segerea, anakaa kwa rafiki yake Anjelina, nyumba ya geti la bluu nyuma ya duka la dawa, na namba mpya hii hapa, andika!" Akaitaja tarakimu moja moja. Mwanamume mmoja aliyekaa kwenye kiti cha pembeni akaangalia simu yake, sijui alikuwa anaiandika au anasoma mambo yake.

"Bi Gladness!" nikasema. "Jamani!"

"Nini tena? Si nakusaidia wewe na yule mama?"

Sikuandika. Lakini kichwa changu ni cha mtangazaji, nikisikia kitu kimoja kimeingia kimekaa. Nikatoka na ile namba kichwani na lile geti la bluu, nikavitembeza barabara nzima kama mtu aliyeiba.

Bi Mwanakombo alizipata habari. Kwenye ofisi ile habari hazilali. Akanikamata kwenye kona, kanishika mkono wa shati. "Mwanangu, wanasema mtoto kapiga simu ofisini. Wanasema wewe unajua aliko."

Ningeweza kusema sijui. Ulimi ulishaanza kulisema. Nikaangalia ule mkono ulioshika shati langu, ndio uliomwosha mama yangu, nikashindwa kumdanganya.

"Najua."

"Alhamdulillahi! Nipe."

"Siwezi kukupa, Bi Mwanakombo."

Hakuelewa. Alinitazama kama nimesema kwa lugha nyingine. "Huwezi nini?"

"Namba yake kaipa ofisi, hajakupa wewe. Kama angetaka uijue angekupigia. Nikikupa nitakuwa nimemfanyia tena yale yale. Nitakwenda mie, nitamwambia unamtafuta, akitaka..."

"Jina la Editha uliweza," akasema.

Basi tu. Hakupaza sauti. Akaliachia shati langu, akanigeuzia mgongo, na mie nikabaki pale nimeshika maiki iliyozimwa. Yaani siku ya kuficha niliropoka, na siku ya kusema nimeziba mdomo! Nilijiona mshenzi kwa yote mawili. Usiku nilimwambia mke wangu, akasema ungempa, yule ni mama. Nikasema najua. Akasema sasa?

Kwenda Segerea nako nilishindwa. Nilijisemea nitakwenda kesho, na kesho ikifika nasema kesho. Nitasimama kwenye lile geti nimwambie nini? Ataniuliza nani kakuelekeza, nami nimjibu ofisi, halafu afunge virago ahame tena. Ndicho nilichojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba nilimwogopa.

Alikuja mwenyewe. Nilikuwa nje ya ofisi nafunga spika juu ya bajaji, namwona anatoka na kitambulisho mkononi. Kakonda kidogo. Nikadhani atanipita.

"Shikamoo, anko Mashaka."

Hata kuitikia nilichelewa. Bado ananipa shikamoo! "Marahaba, mama. Marahaba."

Akasimama. Akakigeuza kile kitambulisho, huku na huku. "Jina la mama halipo hapa. Nimetafuta."

"Halipo. Lipo kwenye kompyuta tu."

"Kwa hiyo wewe ulilisoma wapi?"

Nikamwambia habari ya ile karatasi, akina Mbwana Kondo walivyoshikana mashati, na amri ya Bi Gladness. Nilikuwa naelekea kulisema lile neno, nimesoma kama ilivyoandikwa, nalisikia linapanda kooni. Akanitazama. Macho yale ni ya Mbwana, lakini namna ya kutazama ni ya Bi Mwanakombo kabisa, ile ya kukusubiri umalize uongo wako.

"Niliona," nikasema.

"Uliona nini?"

"Niliona jina kabla sijalisoma. Khalfani alisimama kuongea na mtu pale kabla ya kona, na mie nikawa naipitia karatasi. Nikaona Shamimu, nikaona nyumba ya Bi Mwanakombo, nikaona Editha Augustine. Nikajua hapa pana jambo. Si kwamba sikujua. Nilipata muda wa kutosha kuliruka."

"Kwa nini hukuliruka?"

"Watu walikuwa wananisikiliza," nikasema. "Na nilitaka kuona itakuwaje." Nikaanza kulia pale barabarani, mwanamume mzima, nyaya za spika zimenizunguka mikononi. "Nikajiambia imeandikwa na serikali, mie ni nani. Lakini si hivyo. Utamu ulinishika. Nisamehe, Shamimu. Usiponisamehe pia ni haki yako."

Hakusema amenisamehe. Akachora mchanga kwa ncha ya ndala. Wanafunzi wakapita, muuza karanga akapita. Mie nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu, na nilijua Bi Mwanakombo huko aliko anasubiri hicho hicho. Atamwitaje sasa.

"Ulimwambia niko wapi?"

"Hapana. Alinibana, nikamkatalia. Kakasirika sana."

Akainua uso. "Kwani ulikuwa unajua?"

"Bi Gladness alinitangazia mbele za watu. Namba yako, nyumba, rangi ya geti. Ofisi nzima ilisikia."

"Loo!" Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Yaani mpaka geti." Akakitia kitambulisho kwenye mkoba, akafunga zipu. Alianza kuondoka, nikajua ndiyo basi. Kisha akarudi.

"Anko, kamwambie mama niko Segerea. Mpe hiyo namba, mie nimekuruhusu. Mwambie aje yeye mwenyewe anieleze, nataka nisikie kwa mdomo wake. Sio kwa spika."

Bajaji nikaiacha. Khalfani akaita, tangazo je? Nikaenda kwa miguu, tena nilipita vichochoro ili nisikutane na mtu wa kuniuliza. Nikafika, nikapiga hodi.

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani? Sema, sisikii."

Mie ambaye nikiita kwetu wananisikia mpaka barabara ya pili! Nikajaribu tena, sauti ikatoka kidogo zaidi. "Mashaka."

Akaufungua mlango nusu, kausimamia. "Umeleta nini tena?"

"Shamimu kaja. Yuko Segerea, mzima. Kaniruhusu nikupe namba, kasema uende ukamweleze mwenyewe."

Akashika fremu ya mlango. "Kasemaje? Nataka maneno yake."

"Kasema, 'Kamwambie mama niko Segerea.'"

"Kamwambie nani?"

"Mama."

"Rudia."

"Kasema, kamwambie mama."

"Rudia tena."

Nikarudia. Akaketi pale pale kizingitini, kanga mdomoni, akalia mpaka mabega yakatikisika. Nilitaka kumshika, sikuthubutu. Akanyamaza mwenyewe, akaingia ndani, nikamsikia anafungua sanduku. Alitoka na baibui, na bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani, nadhani ndicho kile cheti. Nikamtajia namba, akaiingiza kwenye simu yake. Akafunga mlango, akanipita.

Alipofika barabarani aligeuka, maana yule mama ana adabu zake.

"Ahsante, Bwana Mashaka," akasema.

Nikaitikia; lile "mwanangu" halikuja. Nikabaki barazani pale karibu na karai lililofunikwa, mpaka Khalfani akaja kunitafuta, akaniambia watu wanasubiri tangazo la maji.